Marhoon wa Kamba

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Barua imekuja kwenye simu! Nilikuwa kwenye foleni ya magari ya asubuhi. Nikaegesha pembeni, nikaisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti. Waombaji tumebaki watatu. Nafasi ni moja. Miaka miwili ya uzamili wa historia, Hawaii, kisiwa kikubwa, mahali penyewe. Tarehe 21 nazungumza mbele ya jopo kule chuoni Al Khoudh, hapa Muscat. Dakika kumi na tano, mlango wazi, mwenye kutaka kusikiliza aje. Kisha maswali.

Mada yangu ni paniolo — wachunga ng'ombe wenyeji wa visiwa vile. Ilianza na picha moja kwenye kitabu cha maktaba, miaka miwili nyuma. Mwanamme juu ya farasi, baharini. Maji yamefika kifuani mwa farasi. Mkononi kamba, mwisho wa kamba pembe za ng'ombe, na ng'ombe anaogelea. Kofia ya yule bwana ina maua. Nikadhani picha mbili zimechapwa moja juu ya nyingine. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yao. Gati hakuna, meli imetia nanga mbali, basi ng'ombe anavutwa na farasi mpaka kwenye mashua, anafungwa ubavuni, anapelekwa hivyo hivyo, halafu anapandishwa melini kwa mkanda wa tumboni, miguu inaning'inia. Mmoja mmoja. Toka siku ile sijatulia.

Nimemwambia Baba wakati wa chakula.

"Ng'ombe?"

"Historia, Baba."

"Ya ng'ombe." Akaendelea kula. Baadaye, akinawa mikono, akasema hakunisomesha mpaka hapa nilipofika ili nivuke bahari mbili kwenda kusoma wachunga ng'ombe. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Saini yake haitakiwi. Radhi yake ndiyo niitakayo, na radhi haina fomu ya kujaza.

Jumanne, 7 Oktoba

Dokta Raghad, msimamizi wangu chuoni, amesoma rasimu yangu. Amesema kazi ni safi, tarehe ziko sawa, rejea ziko sawa. Kisha akavua miwani. Kwa Kiarabu, taratibu, kama anayemwuliza mgonjwa panapouma: una nini wewe na watu hawa?

Nikajibu nawahusudu.

Akasema hata mashabiki wa mpira wanahusudu. Jopo litauliza swali hilo la kwanza, na wale wawili wengine wana jibu. Mmoja anaandika habari za vijiji vya baba yake kule milimani. Wewe, Hajar, una nini na ng'ombe wa Hawaii?

Nimerudi nyumbani, mtaani Hail, nimefura.

Lakini hebu niandike ninachokihusudu, hapa ambapo hapana mtu wa kuvua miwani.

Ng'ombe hawakuwa wa kwao. Waliletwa na nahodha wa Kiingereza, 1793, zawadi kwa mfalme. Mfalme akawawekea mwiko: miaka kumi asiuawe hata mmoja. Wakazaana, wakawa wa mwituni, wakavunja mashamba na nyumba za watu. Baadaye mwanawe mfalme, naye akiwa amekalia kiti, akaita wachunga ng'ombe kutoka California, ilipokuwa bado ya Meksiko, waje wafundishe. Walimu wale walisema Kihispania, español. Wenyeji hawana sauti ya s, na hawakubali neno lifungwe na konsonanti. Kama sisi! Sisi tulioichukua qalam tukaifanya kalamu. Español ikageuka paniolo. Watu wakaitwa kwa jina la lugha ya walimu wao, wakalivaa, likawa lao, na leo hakuna anayelikumbuka kama ni la mtu mwingine.

Halafu 1908. Watatu wao wanasafiri mpaka Cheyenne, Wyoming, kwenye mashindano makubwa ya kamba huko bara. Farasi wa kuazima. Wanatazamwa kama kioja. Na Ikua Purdy anarusha kitanzi, anamwangusha ng'ombe, anamfunga miguu — sekunde hamsini na sita. Bingwa! Wenzake, wa tatu na wa sita.

Hamsini na sita. Nimejaribu kuhesabu nikiwa nimefumba macho. Ni muda wa kufunga ushungi vizuri.

Bado si jibu. Najua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo nimefanya mazoezi mbele ya Bibi. Bibi Ruqaya, mama yake Baba, miaka themanini na saba. Kiingereza hana, Kiarabu chake ni cha sala na cha sokoni, basi nikamwambia yote kwa Kiswahili, na picha nikamwekea kwenye televisheni ya chumbani kwake. Pelagia alikuwepo, anakunja nguo. Pelagia ni wa Karagwe, yuko nasi mwaka wa sita. Kazi yake ni ya nyumba, na tangu mwaka jana ni kukaa na Bibi. Wanapendana kwa kutukanana.

Bibi alianza na kofia.

"Wanaume, na vikuba kofiani! Hawaoni haya?"

"Bibi, huyo ukimpata humwachi," akasema Pelagia.

"Mimi nshaachwa na duniya, ntamwachaje mtu?"

Nikawaonyesha wanawake wapanda farasi, mguu huku mguu huku kama wanaume, na kitambaa kirefu kimezungushwa kiunoni mpaka kinafunika miguu na ubavu wa farasi. Bibi akataka kujua ni doti ngapi. Nikasema kama doti tano kwa makisio. Wanabana na nini? Kokwa, Bibi, wanazisokotea nguoni, hawatii pini hata moja. Akatikisa kichwa. Hao wana akili, akasema.

"Na wanaitwaje?"

"Paniolo."

"Wamepania nini?"

Pelagia alicheka mpaka mashuka yakamwanguka. Nikasema ndilo jina lao, Bibi, pa-ni-o-lo.

"Basi limewakaa. Mtu hendi baharini na fahali ila kapania."

Miaka miwili nasoma makala juu ya asili ya neno lile. Hakuna aliyeandika kitu kizuri kama hicho.

Halafu nikaweka mkanda wa mashindano ya siku hizi. Kijana anarusha kitanzi. Bibi akasogea mbele kwenye kiti. Akaniambia nirudishe nyuma, nikarudisha. Tena.

"Fupi hiyo," akasema. "Kamba yake Marhoon ilikuwa mara tatu ya hiyo."

Marhoon ni babu yangu. Alifariki hapa Muscat miaka miwili kabla sijazaliwa. Wapemba wote wa hapa walimwita Marhoon wa Kamba, na tangu mtoto nimeambiwa kwa nini: alikuwa na mashamba ya karafuu, na pembeni akifanya biashara ya kamba, wale wa kula, na mwenyewe akiwapenda kuliko nyama. Ndiyo maana kila mwaka siku ya khitma yake tunapika wali wa kamba. Sufuria kubwa. Ijumaa ijayo ndiyo siku yenyewe.

Basi mimi, msomi, nikamsahihisha.

"Kamba *wake*, Bibi."

Nilisema hivyo! Kama mwalimu wa darasa la pili. Mnyama huchukua wa-, Bibi. Kamba wake.

Bibi akanitazama.

"Yake," akasema.

Akachukua rimoti, akaweka Kurani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Yake. Wake.

Nimemwuliza Pelagia jikoni kama nimesikia vibaya. Akasema amesikia kama nilivyosikia. Akamenya kitunguu kizima kabla hajaendelea. "Dada Hajar, samahani, lakini kwetu mtu akikudanganya tunasema kakupiga kamba. Naona nyinyi mmepigwa kamba juu ya kamba."

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekaa na Bibi tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Naandika haraka nisije nikayapamba.

Babu hakuwa na mkarafuu hata mmoja. Alikuwa akichunga ng'ombe wa watu, Kengeja, kusini ya Pemba. Na msimu wa mchezo wa ng'ombe ulipofika yeye ndiye aliyeshika kamba.

Mchezo wa ng'ombe nilikuwa nimeusoma mstari mmoja tu, kwenye kitabu cha mtu: husemekana Wareno ndio waliouacha. Nilipita juu yake. Mimi! Niliyekuwa natafuta Wahispania wa Hawaii! Na bibi yangu yuko chumba cha chini, ameuona kwa macho yake.

Anavyoueleza: fahali anatiwa kamba ndefu. Mbele yake anasimama mcheza na kitambaa, anamchokoza, anamkwepa. Zumari inalia. Wanawake wanaimba, wanawasifu walio hodari na wanawatia aibu waoga, kwa majina. Fahali hauawi. Mchezo ukisha anarudi kula majani.

"Mcheza ndiye anayetazamwa," akasema Bibi. "Mshika kamba hamtazami mtu. Lakini akilegeza, mtu kafa. Akikaza sana, ng'ombe kafa, na huyo ni wa mtu. Marhoon alikuwa akijua kati na kati."

Nikauliza kamba yenyewe ilitoka wapi.

Akanitazama kama nimeuliza jua linatoka wapi. Akainua mikono yake miwili.

Yeye! Ameisokota yeye. Makumbi ya nazi aliyafukia mwenyewe pwani, akayafukua baada ya miezi, akayaponda, akapata usumba, akasokota. Kamba za Ruqaya hazikatiki, watu walikuja kuzitafuta kutoka vijiji vingine. Marhoon alikuja kuulizia kamba. Baada ya wiki akarudi kuulizia kamba. Mara ya tatu mama yake Bibi akasema, huyu hana haja ya kamba.

Alicheka hapo, mkono mdomoni. Miaka themanini na saba!

Nikamwuliza kwa nini basi amekubali kamba wa kula miaka yote. Akasema walipofika hapa wanawe walitaka kuwa watu. "Nikasema, haya. Kamba ni kamba. Atakayejua atajua."

Kisha akamtuma Pelagia uani akamletee lifu la mtende, zile nyuzi za kahawia zilizovaa shina. Si usumba, akanung'unika, lakini ndilo lililopo. Amenifundisha kusokota. Kiganja juu ya paja, unasukuma mbele, unarudisha, unaongeza uzi kabla wa kwanza haujesha. Viganja vyangu vimechubuka. Nimepata shubiri mbili, mbovu. Yeye na vidole vyake vya baridi yabisi amepata pima nzima.

Dokta Raghad, ninalo jibu. Ninalo! Nimekaa juu yake maisha yangu yote, nikilila kwa wali.

Alkhamisi, 16 Oktoba

Ami Bakhit amepita jioni. Kaka yake Baba, mkubwa wa familia, sauti kubwa, udi unafika kabla yake. Ameleta rasimu ya kitabu chake cha ukoo, jalada la kijani, maandishi ya dhahabu. Ameandika kwa Kiarabu, anataka nipitie lugha kabla ya kupeleka matbaani. "Wewe ndiye mwenye macho, binti yangu." Akanibusu kichwani. Nampenda Ami Bakhit. Niandike hivyo, nisije nikajisahau.

Ukurasa wa 14. Babu yetu Marhoon, mmiliki wa mashamba ya karafuu, mfanyabiashara wa rubyan.

Rubyan! Nimelitazama neno lile mpaka likavimba. Kwa Kiswahili uongo huu ulikuwa na mlango wa nyuma. Kamba ni kamba, atakayejua atajua. Kwa Kiarabu mlango umejengwa ukuta. Rubyan ni kamba wa kula, mdudu wa baharini, hana njia ya kuwa kitu kingine. Wajukuu watakaosoma kitabu hiki hawatakuwa na Kiswahili cha kuwaokoa. Nimelizungushia penseli.

Nikampelekea Baba. Alikuwa anamwagilia midimu. Nikamwambia ninayoyajua, na kwamba nataka kuyasema mbele ya jopo, kwa sababu ndilo jibu la swali.

Alifunga bomba kwanza.

Akasema walipokuja hapa, hawakuulizwa jina. Waliulizwa: mlikuwa na nini kule? Kila mtu akasema karafuu. Wangesema nini?

Nikasema, Baba, hapa mchunga ngamia anatungiwa mashairi, anapigwa picha, anapewa zawadi. Kwa nini mshika ng'ombe afichwe?

"Ngamia ni ngamia."

"Baba."

"Hajar. Huko chuoni sema ya watu wako wa Hawaii. Useme vizuri. Ya baba yangu yaache."

"Nikiyasema?"

Akafungua bomba tena. Akasema, akiwa amenipa mgongo, basi nitakuwa nimekwenda bila ya yeye.

Ijumaa, 17 Oktoba

Khitma ya Babu. Mwaka wa ishirini na saba.

Asubuhi Bibi alimwita Pelagia chumbani, wakafunga mlango. Nilimwona Pelagia akitoka na pochi kwenda buchani. Sikuuliza. Kabla ya sala ya Ijumaa alichukua kiti, akaitundika kamba yetu kwenye msumari juu ya mlango wa chumba cha kulia. Pima nne sasa. Nikamwuliza vipi? Akasema, Bibi kasema inahitaji hewa.

Baada ya kisomo tukakaa. Ami Bakhit na mkewe, wanawe, Baba, Mama, mimi. Bibi kwenye kiti chake. Pelagia akaweka sinia, akafunua.

Nyama. Wali wa nyama ya ng'ombe, na viazi, na harufu yake ikajaa chumba.

Ami Bakhit akatazama sinia. Akatazama mlango wa jikoni, labda kuna sinia nyengine.

"Mama. Kamba wako wapi?"

"Kamba ipo pale," akasema Bibi, akaonyesha kwa kidole juu ya mlango.

Watu wote tukageuza shingo. Nitakumbuka mpaka siku yangu ya mwisho: shingo tisa, na kamba ya lifu inaning'inia, ncha yake inacheza kwa upepo wa kiyoyozi.

Ami Bakhit akawa mwekundu. Akasema, Mama, unanifedhehesha mbele ya watoto. Bibi hakupandisha sauti hata kidogo.

"Nimekupikiya uongo wako miaka ishirini na saba, na wali wake. Leo nimechoka kumenya."

Mtoto wa Ami Bakhit akauliza pole pole, kwa Kiarabu, ile ni kamba ya nini?

Ami akasema yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa walikuwa na nini kule. Yeye, akiwa kijana, kazini, kwenye harusi, kila pahala. Sisi hatukuwepo. Sauti yake haikuwa kubwa tena, na niliona nilikuwa sijapata kumsikia akizungumza bila sauti kubwa. Ana haki. Hilo nalo niandike.

Baba alikuwa hatazami sinia, hatazami watu. Alikuwa anatazama juu ya mlango.

Kisha Bibi akasema bismillahi. Tukala. Ami Bakhit alikula akaongeza. Hakusema ni tamu. Alipoondoka alichukua rasimu yake kwapani, na duara la penseli ndani yake.

Jikoni nilimkuta Pelagia anacheka na machozi yanamtoka pamoja. Baba yake ana ng'ombe kule Karagwe, wenye pembe kama mikono ya mtu anayeomba dua. Akaniambia kwao anayefichwa ni mtu asiye na ng'ombe.

Jumapili, 19 Oktoba

Baba ananisalimu. Anaitikia salamu. Basi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nina mianzo miwili.

Wa kwanza: "Mwaka 1908, huko Cheyenne, mgeni aliyeazima farasi alirusha kitanzi." Mzuri. Safi. Hauna mtu wangu ndani yake.

Wa pili: "Bibi yangu alisokota kamba, na babu yangu aliishika."

Nimemsomea Bibi yote miwili. Nikamwambia na aliyoyasema Baba kwenye midimu, nitakuwa nimekwenda bila ya yeye. Nilitaka aniambie niseme. Nilitaka anibebe. Akawa anasokota tu. Mwisho akasema Sinan, baba yako, si Bakhit. Bakhit aliona haya kwa watu. Sinan aliona kitu. Kitu gani, Bibi? "Mwulize mwenyewe. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, vumbi lilikuwa jingi."

Nikamwambia hanisemeshi, nitamwulizaje.

"Pania," akasema.

Nimefunga kitanzi mwisho wa kamba, nimejifunza kwenye mtandao kwa mkanda wa dakika sita. Nitaipeleka. Kuionyesha tu. Naweza kusema ni mfano wa kamba, si zaidi. Kamba ni kamba.

Ona! Nishaanza.

Jumanne, 21 Oktoba

Niko kwenye ukumbi wa kungojea, Al Khoudh. Waliotangulia wawili wameshaingia, wa pili bado yumo. Niandike yote sasa, mikono ipate kazi.

Asubuhi Baba alikuwa mlangoni na funguo za gari mkononi. Akasema twende, leo barabara mbaya. Nina gari langu. Sikumkumbusha.

Nilipania kumwuliza toka nyumbani, na kila taa nyekundu nikafungua mdomo nikaufunga. Tulipoegesha hapa, chini ya kivuli cha jengo, hakuzima injini. Ncha ya kamba ilikuwa imetoka kwenye mkoba wangu.

"Lete," akasema.

Nikampa. Akaipitisha vidoleni, pole pole, kama mtu anayesoma. Alijua imesokotwa na nani, na wapi mkono wake ulipoishia na wangu ulipoanza. Niliona kidole kikisimama hapo. Kisha akafika kwenye kitanzi.

"Nani kafunga hiki?"

"Mimi. Nilitazama mkanda."

"Hiki kinakaza. Kitamkaba ng'ombe."

Akakifungua. Nikauliza. Sijui sauti niliipata wapi. Nikasema, Baba, uliona nini?

Injini ikinguruma. Baridi ya kiyoyozi usoni. Vidole vyake vikawa vimesimama.

Akasema alikuwa na miaka tisa. Siku ya mchezo, watu wengi, kapandishwa juu ya ukuta aone vizuri. Fahali aligeuka ghafla, akamvuta Babu, Babu akaanguka. Hakuiachia kamba. Akaburutwa uwanja mzima, kwa tumbo, kikoi chake cha kiunoni kikamvuka, yuko mtupu mbele ya kijiji kizima, na mikono bado ipo kwenye kamba. Watu wakacheka. Wanawake wakamtungia wimbo pale pale. Wimbo uliimbwa mpaka msimu wa pili. Skuli akiimbiwa yeye, Sinan, kila siku.

"Wewe umesoma sekunde hamsini na sita," akasema, kumbe mazoezi yangu aliyasikia. "Mimi niliziona zilizobaki."

Miaka miwili nimewahusudu wanaoshinda. Sikupata kujiuliza Ikua Purdy alianguka mara ngapi, kwenye miamba ile, kwenye maji yale, na nani alicheka, na mtoto gani alikuwa juu ya ukuta.

Lakini kitu kilinikereketa. Nikauliza.

"Mbona hakuiachia?"

Baba aligeuka akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu Alkhamisi. Nadhani hata yeye alikuwa anasikia jibu lake kwa mara ya kwanza.

"Mcheza alikuwa bado yuko mbele."

Kisha vidole vyake vikaanza kwenda. Sikuviona vizuri, vilikwenda kama vya mtu mwengine, kama vya mtoto. Ncha juu, nyuma ya kamba, inarudi ndani ya tundu. Akavuta. Kitanzi kikakaa. Akanirudishia. "Kamba ya ng'ombe haimkabi ng'ombe," akasema. Hakusema niseme. Hakusema nisiseme. Akauliza kitu kimoja tu, anatazama mbele kwenye kioo: hivi mlango ni wazi kweli, au ni maneno ya kwenye barua?

Nikasema ni wazi, Baba. Viti vya nyuma ni vya yeyote.

Nikashuka.

Sasa nimekaa na kitanzi mapajani. Nimekivuta kwa nguvu zangu zote. Hakikazi hata chembe. Nimejaribu kukifuata kwa macho nijue kinaanzia wapi, siwezi. Karatasi zangu zote mbili zipo mkobani, mwanzo wa kwanza na wa pili, na sijazitoa.

Nimechungulia dirishani. Gari lipo pale pale kivulini. Injini imezimwa. Ndani hamna mtu.

Wa pili ametoka. Mwanamke mwenye orodha yuko mlangoni, anasoma jina langu kama lilivyoandikwa, refu, la serikali, halimruki mtu: Hajar binti Sinan bin Marhoon —